Ndama wa Pijo

Wewe unayenisoma, kaa kwanza nikuulize. Nina ng'ombe. Alizaa ndama mmoja, na ndama huyo ana miaka sawasawa na mama yake. Ni nini?

Usiharakishe. Wajukuu wangu wamehangaika na kitendawili hiki wiki nzima, na Shimwa, yule mwenye maneno mingi, akasema ni jua na mwezi, nikamwambia aende kuchota maji. Ukishindwa sitakudai mji. Mji nitautawala namna gani na magoti haya? Nifuate tu taratibu. Jibu litakuja lenyewe, na litakuja kwa gari.

Ilikuwa mwaka 2012. Tulikuwa tumemaliza miaka saba hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi ya Uganda, mimi Yudita na mzee wangu Kabanda, pamoja na binti yetu Benitha anayeshona nguo. Nyumbani, Uvira ya Kongo, Kabanda alikuwa fundi wa magari. Watu walimletea magari kutoka mbali. Alikuwa anainama, anaweka sikio karibu na injini kama daktari, halafu anasema, "Valvu ya tatu." Wanafungua, wanakuta ni valvu ya tatu kweli.

Nakivale tulipewa kiwanja cha kulima. Kabanda akalima. Maharage yake yalikuwa mazuri, sikatai, lakini alilima kama mtu anayengoja basi. Jioni alikuwa anakaa mbele ya nyumba, mikono juu ya magoti, hasemi kitu. Mimi nilikuwa naumia kuitazama ile mikono. Ilikuwa safi mno.

Siku moja nikamtuma Kabanda mpaka kijiji cha Masha, kwa Wanyankole wenyeji, atafute machipukizi ya migomba tupande nyuma ya nyumba. Akarudi jioni bila chipukizi hata moja, lakini kucha zake zilikuwa nyeusi.

"Mama Benitha," akasema, "nimeona Pijo."

"Pijo gani?"

"404. Ile ya mugongo murefu, ya mazuti, ile dizeli. Iko mu migomba ya muzee moja. Kutu imeikula, kuku balifanya nyumba ndani, lakini nimefungua boneti. Injini iko muzima! Imechoka tu."

"Na migomba yetu?"

"Migomba gani?"

Nikajua tumekwisha. Usiku ule alisema maneno mingi kuliko mwaka mzima uliopita. Nikamwacha aseme, nikamwongezea chai.

Sasa, ile gari utaipata namna gani? Mwenyewe aliitwa Rwakabuba, mzee wa ng'ombe, na watu wa vyuma chakavu walikuwa wamekwenda kwake mara nne na bei zao, mara nne akawafukuza. Kabanda akawaza siku mbili. Siku ya tatu akaniambia, "Tutaiomba. Tutaiomba kama ng'ombe."

Ngoja nieleze, maana labda wewe ulikulia fasi ya samaki, mahali pasipo ng'ombe. Kwetu Mulenge, milimani juu ya Uvira, ukimpenda ng'ombe wa mtu unayemheshimu, huendi na bei. Unaenda na jamaa na kinywaji, unasimama, unamsifu ng'ombe na mwenye ng'ombe, kisha unaomba. Akikupa, mmekuwa ndugu. Lakini ng'ombe huyo akizaa, ndama mmoja lazima arudi kwa yule aliyetoa. Usipomrudisha, hata watoto wako wataonewa haya. Na Wanyankole ni watu wa ng'ombe vilevile, kwa hiyo tulijua mzee atatuelewa.

Kinywaji cha kuombea ng'ombe huwa ni pombe. Sisi ni watu wa kanisa. Tukachukua kreti ya Fanta kwa jirani yetu Anselme, mwenye duka, mtu wa Fizi. Anselme alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la chumvi.

"Batu ba ng'ombe, muko na mambo! Munaenda kuposa chuma?"

"Tunaenda," nikamwambia, "na wewe utabeba kreti."

Akabeba.

Rwakabuba zamani alikuwa polisi. Kiswahili chake kilikuwa cha amri tupu. Tulipoingia kwake akapaza sauti: "Karibu! Keti! Kunywa maziwa! Maliza!" Tukaketi, tukanywa, tukamaliza. "Sema!"

Kabanda akasimama, akarekebisha koti lake, akanyoosha mkono kuelekea migombani ambako ile Pijo ilikuwa imelala, magurudumu yamezama ardhini, kuku wakichungulia dirishani. Akaanza kuisifu. Akasema, ewe mwenye macho mawili yasiyolala, uliyepanda milima ukiwa na watu tisa tumboni na hukuhema, ngozi yako ilikuwa rangi ya mawingu ya Itombwe kabla ya mvua, baba yako hakukufunga kamba na hukupotea. Nilisahau kwamba anasifu gari. Nilitaka kulia. Halafu jogoo akatoka kwenye boneti akawika, na Rwakabuba akacheka, akacheka, mkewe akaja kumpiga mgongoni.

Alipopata pumzi akafuta macho. Macho yenyewe yalikuwa yameanza kuingia ukungu wa uzee.

"Hii gari ilikuwa ya kaka yangu," akasema. "Alinunua mwaka wa sitini na nane. Kaka alikufa, gari nayo ilikufa. Watoto wangu nasema toa, peleka skrepu. Mimi nakataa. Hakuna mtu aliomba na heshima. Leo wewe umeomba. Napeana!"

Tukapiga makofi. Yeye akainua fimbo.

"Nyamaza! Sheria ni sheria. Ng'ombe ya kupewa inazaa, ndama inarudi. Hii itazaa nini?"

Kabanda akageuka kuitazama ile Pijo.

"Usijibu leo. Jibu siku gari italeta wewe hapa na miguu yake. Krismasi isipite! Ukikuja bila jibu, gari inabaki hapa, wewe unarudi na miguu yako. Umesikia?"

"Nimesikia, muzee."

Wakati tunaagana, ng'ombe wake walikuwa wanapanda kutoka bondeni, pembe zile kubwa zikiyumba, ndimi nje. Birika la saruji la kunyweshea lilikuwa pale juu karibu na zizi, kavu, limejaa majani. Mzee akasema maji yako chini, na ng'ombe wanashuka na kupanda mara mbili kila siku, wanafika juu na kiu ileile waliyoshuka nayo. Kabanda akalitazama lile birika muda mrefu. Nilidhani anahurumia ng'ombe.

Pijo ililetwa ikivutwa kwa kamba nyuma ya lori la mahindi, kupitia Kaberebere. Kiti hakikuwamo, kwa hiyo Kabanda alishika usukani akiwa amekalia kopo la maji. Breki ilikuwa maombi. Walipofika na kufungua mlango wa nyuma, wakakuta abiria: kuku mwekundu, amelalia mayai kumi na moja, hata hakusimama kusalimia. Kabanda akakataa asiguswe. Wiki mbili alifanya kazi upande wa mbele tu mpaka vifaranga wakatoka.

Basi ikaanza miezi ya furaha nyumbani kwangu. Kutu! Niliipangusa mimi na Benitha kwa brashi ya waya na msasa, ikaanguka kama ukoko wa sufuria. Fasi zingine ukisukuma kidole kinatokea upande wa pili. Sakafu yote ilikuwa imekwisha. Kabanda akakusanya makopo ya mafuta ya msaada, yale ya bati, akayakata, akayanyoosha kwa nyundo, akayapanga kama anashona kitambaa. Mpaka leo ukiinua zulia nyuma ya kiti utasoma maandishi ya mafuta ya kupikia.

Kila mpita njia alikuwa na jibu la swali la Rwakabuba, maana Nakivale swali halikai ndani ya nyumba moja.

"Sema imezaa vifaranga!" Anselme akasema. "Kumi na moja! Ng'ombe gani anazaa kumi na moja?"

"Vifaranga bilizaliwa na kuku," Kabanda akajibu, kichwa chini ya gari.

"Sema imezaa kutu, basi. Iko mingi, umurudishie gunia."

"Anselme, nipe spana ya kumi na tatu, unyamaze."

Mimi nilimuuliza usiku, kitandani, kwa upole. "Baba Benitha, itazaa nini?" Akageukia ukuta. Nilimuuliza Oktoba, nilimuuliza Novemba. Aligeukia ukuta huohuo. Nikaanza kuogopa. Ile mikono ilikuwa imerudi kuwa myeusi, kicheko kilikuwa karibu na mdomo, na Krismasi nayo ilikuwa inakuja. Nikajiuliza, gari ikibaki Masha, mzee wangu atarudi nyumbani, au itarudi tu ile mikono safi?

Kulehemu hakukuwezekana kijijini kwetu, kwa hiyo Pijo ikavutwa tena, safari hii mpaka Mbarara, kwenye gereji ya Nehemiya, njia ya kwenda Bwizibwera. Nehemiya alikuwa kijana mnene mwenye mdomo mtamu. Akaizunguka mara moja, akavua kofia.

"Banange! Mzee, hii mimi nazika ama natengeneza?"

"Unalehemu," Kabanda akasema. "Bingine niachie."

"Sebo, hii gari ni mzee kuliko baba yangu!"

"Basi iamkie."

Nehemiya akaiamkia kweli, akainama, wafanyakazi wote wakacheka. Tangu hapo walikuwa marafiki.

Kabanda hakutaka tu kuiponya. Alitaka iwe bora kuliko siku iliyozaliwa. Kule Bwizibwera gari la maziwa lilikuwa limeanguka na kuvunjika uso, lakini injini yake ya Toyota ilikuwa mpya bado, na gia tano. Kabanda akafanya kazi kwa Nehemiya wiki tatu, akifungua injini za watu, na Nehemiya akamnunulia ile injini. Ilikataa kuingia. Wakakata hapa, wakalehemu pale, wakahamisha kifaa cha kushikia, ikaingia kama mguu kwenye kiatu cha Pasaka. Akaweka breki za mbele mpya, alternata mahali pa dainamo ya zamani, taa zinazoona mbali, na mikanda ya viti kwa watu wote, maana alisema abiria wake hawatafungwa kwa maombi peke yake.

Na injini ya zamani? Nehemiya alitaka kuiuza kwa watu wa skrepu. Kabanda akakataa. Akairudisha Nakivale, akaiingiza ndani ya nyumba yangu. Ndani! Ikalala pembeni mwa kitanda chetu, imefunikwa shitingi, lile turubai la msaada. Kila jioni alikuwa anaifunua kidogo, anaipaka grisi, anafungua hiki, anafunga kile, anaifunika.

"Baba Benitha, hii ya kazi gani?"

"Imechoka kupanda milima," akasema, "lakini moyo iko nayo."

"Na mimi nimechoka kujigonga goti kila nikiamka!"

"Vumilia kidogo, mama."

Nikavumilia. Nilifikiri ni huzuni ya fundi, kama mtu anavyotunza viatu vya marehemu.

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana najua kuna mtu atakuhadithia kabla yangu.

Siku moja kabla ya kwenda Masha, Pijo ilikuwa imesimama mbele ya nyumba, kijivu cha mawingu, inang'aa hata mbuzi wanajitazama. Benitha alikuwa ameshona kitambaa cha dari, cheupe kabisa, kutoka shuka mbili mpya. Kabanda alikuwa ameenda kutafuta mazuti. Nikafungua mlango niketi kidogo kama bibi mkubwa. Ndipo harufu ikanipiga. Kuku! Miaka ishirini na zaidi ya kuku, na panya juu yake. Nikasema, hapana, mzee Rwakabuba hawezi kuingia humu.

Mimi ni mtoto wa zizi. Chombo kikinuka, najua dawa moja. Vibuyu vya maziwa tunavifukiza: unawasha nyasi zile zenyewe kwenye kigae, zinatoa moshi bila moto, unafunika, moshi unakunywa harufu mbaya na kuacha harufu tamu. Gari ni nini? Ni kibuyu kikubwa chenye milango. Nikaweka vigae viwili sakafuni, nikafunga vioo vyote, nikaenda kuchambua maharage.

Kelele ya kwanza niliyosikia ilikuwa ya Anselme. "Moto! Pijo inaungua! Mama Benitha, Pijo inaungua!"

Nikatoka mbio. Moshi ulikuwa unatoka kwenye boneti, chini ya milango, kwenye taa, kila mahali. Watu wanakuja na ndoo. "Acheni, nafukiza tu!" nikapiga kelele. Nani atanisikia? Anselme akafungua mlango akamwaga ndani beseni zima la maji ambayo mkewe alikuwa amefulia nepi.

Moshi ulipokwisha tukachungulia. Dari nyeupe ya Benitha ilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Benitha akashika kichwa. Na Kabanda huyo anafika, kopo la mazuti mkononi, watu wakampisha njia kama kwenye msiba.

Akaingiza kichwa ndani. Mimi nilikuwa nimeziba uso kwa kitenge.

"Mama Benitha."

"Ee."

"Umefukiza gari?"

"Nimefukiza."

"Kama kibuyu?"

"Kama kibuyu."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Lo! Mtu alikuwa anacheka. Alicheka akaegemea mlango, akateleza mpaka chini, akacheka akiwa ameketi kwenye maji ya nepi, machozi yakimtoka. Kicheko kile nilikuwa sijakisikia tangu Uvira. Watu wote wakacheka, hata Benitha, hata wale waliokuja kuchelewa na ndoo na hawakujua kilichotokea.

Alipoinuka akauliza, "Moshi ulitokea wapi?"

"Kila fasi," Anselme akasema. "Zaidi pale, chini ya miguu ya dereva."

Kabanda akalala chini akapapasa. Akakuta tundu la kutu ambalo sote hatukuliona, pembeni kabisa mwa bomba la breki. Akaliziba jioni ileile kwa kipande cha mwisho cha kopo la mafuta. "Mama yenu amepima gari," akawaambia watu, "kuliko Nehemiya." Nami nikafunua uso wangu, nikarudi kwenye maharage yangu kama mtu aliyekusudia.

Kesho yake, ishirini na tatu Desemba, tukaondoka. Kabanda kwenye usukani na koti lake, mimi mbele na mkanda, Benitha na Anselme kiti cha katikati. Nyuma kabisa kulikuwa na mzigo uliofunikwa shitingi. Wanaume wanne walikuwa wameupakia wakiguna, na nikaona nafasi pembeni mwa kitanda changu iko wazi.

"Unaipeleka wapi ile injini?" nikauliza.

"Inatembea kusalimia," akasema, akakanyaga mafuta.

Lo, ilivyopanda! Kaberebere watu walisimama milangoni. Mzee mmoja aliivulia kofia. Kwenye mlima Anselme akaanza kuomba kwa sauti, Kabanda akabadili gia, Pijo ikaimba tu, ikafika juu na pumzi zake zote.

Kwa Rwakabuba walikuwa wamejaa: watoto wake, majirani, wachungaji wa ng'ombe. Nehemiya pia alikuwapo, ametoka Mbarara kwa pikipiki, na mzunguko wa mpira mweusi wa maji umefungwa nyuma yake. Mzee akaja na fimbo. Macho yake sasa yalikuwa yameziba karibu yote, kwa hiyo aliitazama gari kwa mikono. Akapapasa taa, akapapasa boneti, akapapasa jina la Pijo kwa kidole, herufi kwa herufi. Kisha akafungua mlango akaingiza kichwa.

Akavuta pumzi. Akavuta tena.

"Nani alifanya hii?"

Nikajificha nyuma ya Benitha. Benitha akasogea pembeni, mtoto yule!

"Ni mimi, muzee," nikasema.

"Hii harufu ni ya nyumba ya maziwa ya mama yangu." Sauti yake ya polisi ilikuwa imeanguka. Akaketi kwenye kiti cha mbele, akafumba macho, na hakuna aliyemharakisha. Mkewe akaja akaketi nyuma yake, naye akavuta pumzi.

Baada ya muda akatoka, akajinyoosha, akagonga fimbo chini.

"Kabanda!"

"Nipo, muzee."

"Gari imekuja na miguu yake. Krismasi haijapita. Sasa jibu. Ng'ombe yangu imezaa nini?"

Anselme akanong'ona, "Sema vifaranga, ndugu, sema tu vifaranga." Kabanda hakumsikia. Alikuwa anatazama lile birika kavu, na ng'ombe waliokuwa wanapanda kutoka bondeni, ndimi nje.

Akaenda nyuma ya gari, akafungua mlango mrefu, akashika shitingi kwa mikono yake miwili myeusi, akaivuta. Injini ya zamani ilikuwa imefungwa juu ya mbao nne nzito, imepakwa rangi nyekundu. Pembeni yake kulikuwa na pampu ya maji, na mkanda mpya unaunganisha moja na nyingine. Nehemiya akashusha mzunguko wa mpira kutoka kwenye pikipiki. Mzee wangu akamshika Rwakabuba mkono, akauweka juu ya chuma kile, taratibu, kama unavyomwonyesha mtu paji la uso la ndama.

"Ilizaa hii, muzee. Imetoka mu tumbo yake, na miaka yabo ni moja, yeye na mama yake. Haiwezi kupanda milima tena. Lakini uiweke kule chini, uipatie mazuti kidogo, itakunywa maji mu bonde na kuyaleta hapa juu, mu birika, fasi ng'ombe bako banangoja. Hii njo ndama yako. Nimeirudisha."